Historia ya Mektilda Bujiku, Mkaguzi wa Zahanati

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Ngokolo na ninyi nyote mliotoka Ushirombo, Kahama na Geita kuja kulia nasi, familia ya Bwana Otmar Maduhu imenituma niwasomee maisha ya marehemu mpendwa wetu, Mama Leodgar, na imeniagiza nisifiche jambo, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kufichiwa.

Marehemu Mektilda Bujiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Ushirombo, mtoto wa tatu wa mzee Bujiku na Mama Melania, wakulima na wafugaji, akabatizwa hapo hapo misheni, na mwaka 1948 akaanza shule kwa masista, ambako walimu walimkumbuka kama msichana mwoga kupita kiasi, aliyeogopa radi, aliyeogopa ng'ombe wa baba yake, na aliyetetemeka kila alipoitwa ubaoni ingawa jibu analo. Watu walishangaa mwaka 1958 alipochagua kusomea uuguzi na ukunga, kazi ya damu na vilio, naye alipoulizwa na mama yake atawezaje, alijibu, "Mama, nitaogopa huku nafanya."

Mwaka 1962 aliajiriwa hapa Shinyanga mjini, na tarehe 11 Julai 1964 alifunga ndoa takatifu na Bwana Otmar, fundi mitambo wa kinu cha pamba, wakajaliwa watoto wanne, Leodgar mwaka 1966, Serafina mwaka 1969, Paskazia mwaka 1972, na Kamili mwaka 1975. Paskazia hakutimiza mwaka, degedege lilimchukua mikononi mwa mama yake wakiwa njiani kwenda hospitali, na tangu siku hiyo Mama Leodgar hakuweza kumgusa mtoto wake akiwa na joto bila kumwona tena Paskazia.

Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa mmoja wa wakaguzi wa huduma katika zahanati za vijiji, na kuhusu kazi hiyo familia imeona ni haki msikie habari ya masika ya mwaka 1976, ambayo Bwana Afya Donatus, aliyekuwa naye safarini, alitusimulia tena juzi hapa msibani.

Walikuwa wametumwa kwenye zahanati moja ya kijiji upande wa Masumbwe, kwa sababu kulisikika kwamba watoto wanaochomwa sindano pale wanaota majipu, naye akaenda na Kamili mgongoni, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya. Mganga wa zahanati, Bwana Stanslaus, aliwapokea kwa heshima, akawaonyesha chumba kilichofagiliwa na dawa zilizopangwa vizuri, lakini Mama Leodgar alipogusa jiko la kuchemshia sindano alikuta vumbi, alipolitikisa halikuwa na tone la mafuta ya taa, na sindano zenyewe zilikuwa zimelala kwenye maji baridi yenye ukungu juu.

Akatoka nje kuwauliza akina mama waliokuwa kwenye foleni kama wanaridhika na matibabu, wote wakatazama chini, mpaka alipofika kwa mama mmoja aitwaye Mageni, ambaye alimvuta kando na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mayu, mama yangu, wewe kesho unapanda gari lako unaondoka, mimi nitabaki na nani?" Kisha akafunua kanga na kumwonyesha paja la mtoto wake, limevimba, linatoa usaha.

Mchana huo huo mvua ilianza, na Kamili, aliyeamka akicheza, akawa moto kama chungu kilichoepuliwa, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, degedege lile lile. Gari lilikuwa limekwenda Kahama kujaza mafuta. Bwana Stanslaus alikuja mbio na dawa ya malaria, akavuta sindano kutoka kwenye yale maji baridi, akasimama.

"Mama, wewe mwenyewe umeziona asubuhi," alisema. "Nichome, nisichome?"

Mama Leodgar alimtazama mwanawe anavyorushwa, akaitazama ile sindano, na Bwana Donatus anasema hajapata kuona uso wa binadamu wenye hofu kama ule, kwa sababu kila upande aliogeukia aliona kaburi.

"Chemsha," alisema.

"Kuni zimelowa, mama. Mtoto anaisha."

"Chemsha, Bwana Stanslaus, nakuomba, chemsha."

Bwana Donatus alimsihi akubali, akamkumbusha Paskazia, jambo ambalo mpaka leo anajuta kulitamka, naye akawa anamfuta mtoto kwa kitambaa cha maji, meno yake yanagongana, anasali Salamu Maria na kila akifika katikati anapotea anaanza upya. Moshi ulijaa chumbani, moto haukuwaka. Ndipo Mageni na wanawake wengine wawili walipoingia kwenye mvua na kurudi wamebeba makaa ya moto kutoka mekoni kwao, kwenye vigae, wameyafunika kwa masufuria, wakayarundika pamoja na kupuliza mpaka maji yakaanza kutokota, na hata hapo Mama Leodgar hakukubali yaepuliwe upesi, akayaacha yatokote vya kutosha, huku akitetemeka hata wanawake wakamshika mabega asianguke.

Bwana Stanslaus alichoma kwa mkono usiotikisika, na baada ya kitambo kirefu Kamili alilegea, akamkojolea mama yake, akalia, na kilio hicho, ndugu zangu, kiliwafanya wanawake wale wapige vigelegele.

Asubuhi yake kijiji kizima kilikusanyika kusikia wakaguzi wameona nini, na Bwana Donatus alimnong'oneza, "Mama, huyu mtu jana amekuokolea mtoto, punguza maneno." Mama Leodgar alisimama, Kamili akiwa mgongoni, akasema, "Bwana Stanslaus ana mkono mzuri, mwanangu yuko hai kwa mkono huo, lakini sindano za zahanati hii hazichemshwi, na majipu ya watoto wenu yametoka humo."

Bwana Stanslaus akasimama, akasema, "Mafuta ya taa sijaletewa tangu mwaka jana. Watu wanatoka mbali na wagonjwa, niwarudishe?"

"Ungesema," Mama Leodgar alimjibu.

"Ningesema, mngefunga."

Mwenyekiti wa kijiji alipomuuliza Mama Leodgar kama basi wanafungiwa zahanati yao, alisema ataomba isifungwe, na kwamba anaogopa hatasikilizwa. Alirudi Shinyanga akasema yote mbele ya wakubwa wake, akakataa kukaa mpaka ajibiwe, na jiko na mafuta yakapelekwa, zahanati haikufungwa, lakini Bwana Stanslaus alihamishwa upande wa Geita, na ingawa Mama Leodgar aliwauliza wachimbaji wa dhahabu na wafanyabiashara waliotoka huko kwa miaka mingi, hakupata kujua alifikia wapi. Jambo hilo lilimuuma, na familia haitaki kulipamba.

Aliendelea na ukaguzi hadi mwaka 1984, alipoanza kusumbuliwa na uvimbe tumboni, akatibiwa hapa mjini, kisha akapelekwa Mwanza, ambako alifanyiwa upasuaji mwezi Septemba 1985, akapata nafuu ya mwaka mmoja, ugonjwa ukarudi. Siku zake za mwisho alimwambia binti yake Serafina, "Mwanangu, naogopa, na safari hii sina kazi ya kufanya," naye Serafina alipanda kitandani akalala naye, wakashikana mpaka mama akasinzia. Alifariki dunia tarehe 9 Februari 1987, saa tisa alasiri, mumewe na watoto wake wote watatu wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga na Mwanza, ambao hawakumficha hali yake, wafanyakazi wenzake wa idara ya afya, wenzake Bwana Otmar wa kinuni, Baba Paroko kwa sakramenti, na akina mama wa Ngokolo mliopika, mkachota maji na kulala chini pamoja nasi. Wabeja sana, asanteni, Mungu awalipe pale tusipoweza sisi.

Amemwacha mume, watoto watatu, na mama yake mzazi, Mama Melania, aliyeketi hapa mbele na ambaye tunaomba msimwache peke yake.

Mektilda, mke wa Otmar, mama wa Leodgar, Serafina, Paskazia na Kamili, kule uendako Paskazia amekutangulia, na mtoto huyo hana homa tena. Mchukue, umbebe, upumzike kwa amani.