Kozi Mbili za Mzee Levo

Tarehe 30 mwezi huu Mzee Levo anastaafu. Amefanya kazi kitengo cha ukaguzi wa majengo miaka thelathini na moja, na mngetuuliza sisi wenzake mwezi uliopita tungemwandikia ukurasa wa kuchekesha tu. Sasa tunaandika bado tumeshika vichwa.

Aliingia kama kibarua wa kubeba ngazi. Akawa mpimaji, kisha mkaguzi, na anamaliza akiwa mkaguzi mkuu wa bondeni, kule mto unakotanuka mvua zikizidi. Sheria ya bondeni ni fupi na yeye aliitoa kama salamu: sakafu ya nyumba ikae kozi mbili za tofali, yaani safu mbili, sentimita arobaini, juu ya pale yalipofika maji ya mafuriko makubwa. Ujenge, ukarabati, uongeze hata choo, ni kozi mbili.

Jina la Levo alipewa na mafundi, kwa sababu ya levo yake ya kupimia usawa, ule mpira mwembamba wa mita ishirini na tano, uliojaa maji. Ncha moja inashikwa kwenye alama ya mafuriko, nyingine ukutani kwako. Maji yakitulia, ubishi umekwisha. Mafundi wakimwona anakata kona wanaambiana, "Funikeni msingi, Levo huyo!" Kama vile msingi ni sufuria.

Soda ya mtu hakunywa. Mama mmoja wa bondeni, fundi cherehani, Mzee alimvunjisha msingi mara mbili kwa ajili ya kozi moja iliyopungua. Yule mama alimtukana mpaka maneno yakamwishia, akaanza upya. Mzee akangoja amalize, akasema, "Asante dada yangu. Haya, tuvunje."

Alama yenyewe ilikuwa mstari mwekundu kwenye nguzo ya umeme karibu na daraja. Vipimo vyote vya bondeni vilianzia hapo. Miaka tisa iliyopita lori liliigonga ile nguzo, ikawekwa mpya, na fundi rangi wa kitengo akatumwa kuurudisha mstari.

Mwezi huu Mzee alikuwa anamkabidhi kazi binti mkaguzi anayechukua nafasi yake. Walipita, na sisi washika mpira nyuma yao, kwenye duka la vifaa, hatua chache kutoka darajani, ambako mwenye duka alikuwa anakarabati. Alikuwa amevuta kabati la siku nyingi, na nyuma yake ukutani limebaki doa la maji ya mafuriko yale, tarehe imekwaruzwa pembeni kwa msumari. Binti akasema, "Mzee, tupige levo kutoka hapa mpaka kwenye nguzo, na mimi nijifunze."

Wakapiga. Maji yakasimama juu ya mstari mwekundu. Juu kwa sentimita arobaini.

Mzee akasema mpira una hewa. Tukaugongagonga, tukatoa viputo, tukapiga tena. Arobaini. Tukaleta mpira mwingine. Arobaini. Yaani kozi mbili kamili. Mzee akakaa juu ya mfuko wa saruji, akavua kofia. Wengi wetu hatukuwahi kukiona kichwa chake.

Fundi rangi akaitwa, akaeleza bila kuficha. Mstari wa zamani ulikuwa unamfika kifuani, kwa hiyo kwenye nguzo mpya akapaka usawa wa kifua. Ila nguzo mpya ilichimbiwa pembeni, upande wa mtaro, ambako ardhi iko chini. Kifua kilishuka pamoja na mwenyewe. Siku nyingine tungecheka mpaka jioni, siku hiyo hatukucheka.

Maana kuna nyumba arobaini na moja zilizojengwa au kukarabatiwa bondeni miaka hiyo tisa. Zote zina sahihi ya Mzee, na sakafu zake ziko palepale maji yanapofika. Watu wanalala humo na watoto wao, wakijua wako salama kwa sababu Levo alipima. Mvua kubwa zinaanza wiki chache zijazo.

Mkuu wa idara, kwa huruma kabisa, alimwambia, "Mzee wangu, umebakiza siku kumi na tisa. Ondoka na shada lako, hili tutalishughulikia taratibu."

"Maji hayajui kama nimestaafu," Mzee akamjibu, na akaomba orodha ya nyumba. Mmoja wetu alipoanza kumsema fundi rangi, alimkata palepale: "Huyu alipaka mara moja. Mimi nimeanzia hapo miaka tisa, sijauliza."

Akaanza na nani? Na fundi cherehani. Tulimwomba asianzie kwa huyo, hakusikia. Alisimama mlangoni, akaeleza yote, akasema kosa ni lake. Mama akamwangalia, akaiangalia sakafu yake.

"Yaani wewe! Wewe uliyenivunjisha msingi mara mbili, leo unaniambia bado?"

"Bado, dada."

"Kozi ngapi?"

"Mbili."

Akageukia meza yake, na sisi tukaanza kurudi nyuma, maana mkasi ulikuwa hapo. Halafu akasema, "Mwingine angeondoka kimya. Ingia, unionyeshe pa kuanzia."

Ndiyo kazi inayoendelea. Soketi zinapandishwa usawa wa dirisha, milango inajengewa vizingiti, sakafu zinainuliwa pale dari linaporuhusu. Kibali cha ukarabati kinatoka siku hiyohiyo. Mkuu wa idara anasaini amesimama. Si wote waliompokea vizuri. Baba mmoja alimwita muuaji mbele ya majirani, na Mzee akaitikia kwa kichwa. Nyumba nyingine walimfungia mlango mara tatu, ya nne akaeleza kupitia dirishani mpaka akasikia kitasa kinazungushwa.

Nguzo imepakwa mstari mpya. Binti mkaguzi aliupima kutoka sehemu tatu, Mzee akiwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mpaka tunaandika haya amefika nyumba thelathini na sita.

Mzee Levo, tulidhani tunakujua kwa sababu tulikushikia mpira. Asante kwa miaka yote thelathini na moja, na zaidi kwa hizi siku kumi na tisa ulizotushtua nazo. Tunakuombea afya, na usingizi mnono. Mvua zikianza kupiga bati, geukia upande wa pili uendelee kulala. Zile nyumba tano zilizobaki ni zetu.