Msumari Mmoja, Ndugu Wawili

Benchi letu la kahawa liko kati ya duka la vipuri na kibanda cha kinyozi. Lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Aliyeahidi kuutengeneza, Seremala, yuko hospitali siku ya tatu leo, anapumulia oksijeni. Msumari ulimchoma kiganjani yeye na mdogo wake wakishusha mlango mkongwe. Ukamchoma na huyo mdogo, papo hapo. Mdogo anapiga randa kama kawaida. Kaka mtu vijidudu vimemwingia kwenye damu, na mwili wake umepigana navyo ovyo hadi unajiumiza wenyewe. Kwa nini huyu na si yule? Mimi nimezunguka nchi nyingi na kurudi na sanduku la maarifa yasiyo na kazi, kwa hiyo nilijiona nimepata zamu ya kueleza.

Profesa, aliyepewa jina hilo na miwani yake tu, akaniwahi.

— Vinasaba hivyo! Kuna mtu walinzi wa damu yake wanamkamata mwizi kimyakimya. Mwingine, walinzi wanachoma mtaa mzima.

— Baba mmoja, mama mmoja? Kinyozi akasimamisha mkasi. — Mtoto wa nyoka ni nyoka, bwana!

— Mbona wewe umerithi kipara na kaka yako ana msitu? Profesa akamgeukia.

Kinyozi akaishusha kofia.

— Damu nzito kuliko maji, akadakia Dobi. — Ikiwa nzito, sumu inanasa. Seremala maji hayagusi, kahawa tu.

— Basi hapa sote marehemu, nikasema. — Kuna nchi nilipita, wanakupima damu wanakutajia siku ya kufa.

— Wewe walikutajia siku gani? akauliza Dobi.

— Waliniambia nirudi kesho.

— Mwongo mkubwa we!

— Sikilizeni, akasema Kinyozi. — Vichwa vyote viwili nanyoa mimi. Mdogo ana vizunguko viwili vya nywele utosini, kaka ana kimoja. Kinga inaingilia pale!

Profesa alikuwa akilivua kofia benchi zima ahesabu vizunguko, alipotokea mke wa Seremala na chupa ya supu, njiani kwenda wodini.

— Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?

— Wamempima damu tena asubuhi. Kile kipimo cha jinsi mwili unavyowaka kimeshuka kidogo. Daktari anasema ni dalili nzuri, si ahadi.

— Na vinasaba, shemeji?

— Anasema huenda vikawamo. Ila mdogo wake nilimburuta zahanati siku ileile, akasafishwa kidonda. Mume wangu akaja zake hapa. Shemeji akatutazama mmoja mmoja. — Jumatatu aliwaonyesha mkono umevimba, na mwili unatetemeka. Nani alimwambia aende hospitali?

Kinyozi alikung'uta kitana kisichokuwa na unywele. Jumatatu tulimjadili mpaka birika likakauka. Dobi alimwandikia sabuni ya mche, Kinyozi spiriti ya ndevu, Profesa kitunguu. Mimi, msafiri, nilimkandamiza kidonda kwa kikombe cha moto, nikisema ng'ambo ndivyo wafanyavyo. Methali tulimmwagia kumi. Ile ya ufa na ukuta haikumjia mtu.

— Anawaulizia, akasema shemeji. — Pumzi zenyewe za kuazima, anasema msikae wanne, tofali halitawabeba.

Dobi akaipokea chupa ya supu bila kuambiwa. Kinyozi akafunga kibanda, mteja wake akatufuata wodini, kichwa kimenyolewa nusu. Tangu nilijue benchi lile, ndiyo mara ya kwanza tuliliacha kahawa ikiwa bado ya moto.