Mwalimu Protini na Karatasi ya Wazee

Kaka Mkubwa, mzee wa mizaha aliyetembea nchi sita na kupotea katika zote, alivaa miwani, akakohoa, akawasomea waombolezaji: “Seli hai imejengwa kwa protini, wanga, mafuta na asidi nukleiki, jibu maswali yote.”

Shangazi akamvuta koti. “Wewe! Huo ni mtihani aliotunga marehemu!”

Watu walicheka huku wanalia, naye akapapasa mfuko wa pili, akatoa karatasi ya wazee wa ukoo, walioamua isemwe kifo kilitokana na ugonjwa, aibu ya ukoo isitajwe hadharani, ili mjane alainike na kusaini barua ya kumwombea huruma kijana aliyekuwa rumande, mtoto wa Kaka Mkubwa mwenyewe.

“Marehemu mdogo wetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, mtoto wa nne wa fundi saa, akaanza shule mwaka 1975 nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako alivunjwa jino kwa kumnyima mwenzake majibu, akahitimu shahada ya biokemia mwaka 1993, akaajiriwa chuoni kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao walimwita Protini, kwani alimwaga asidi kwenye ute wa yai, ambao ni protini, mpaka ukaganda mweupe, akawaambia kwamba ndani ya seli vimeng’enya vinakata, vinararua, na seli ikipasuka vinaitafuna nyumba yao vyenyewe, kisha akauliza nani anapiga miayo. Alimwoa mkutubi wa chuo tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili, wakamlea pia mtoto wa kaka yake mkubwa, kaka aliyekuwa akizurura ugenini. Tarehe 6 mwezi huu aliugua ghafla…”

Kaka Mkubwa aliikunja karatasi.

“Hakuugua. Mwanangu, mwanafunzi wake, alinakili vipimo vya mwenzake, baba yake mdogo akampa sifuri, kijana akamfuata maabara, akamwambia, ‘Baba mdogo, nipe alama zangu,’ akajibiwa, ‘Rudia jaribio,’ akanyakua stendi ya chuma, akampiga kichwani mara saba, mara nne akiwa tayari chini, damu ikafika mlangoni, mdogo wangu akafariki tarehe 10. Tunawashukuru madaktari waliomshona fuvu, majirani, na wafanyakazi wenzake waliodeki sakafu ile kwa mikono yao. Pumzika, mdogo wangu, hakuna wa kukugusa tena.”

Akamgeukia mjane, machozi yakimwingia mdomoni. “Shemeji, nimesema kweli yote. Sasa ile barua…”

“Nimeichana. Afungwe.”