Maneno ya Kumbembeleza Mtoto

Bibi aliyekaa dirishani kwenye treni aliacha kufuma akatega sikio, ingawa hakualikwa. Mama mmoja kijana alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa lugha ngeni, na fundi saa mzee aliyekaa mkabala naye akashtuka.

"Binti, lugha hiyo umeitoa wapi? Wakoloni walituchapa shuleni mpaka ikatutoka. Sisi tunajua imekufa."

"Kwetu wazee waliwasemesha wachanga tu kwa lugha hiyo, baba, maana mtoto mchanga hachongei mtu. Kwa hiyo mimi najua nyonya, lala, usilie, nipo. Basi."

"Hiyo si lugha, mwanangu. Hata maji huwezi kuomba."

"Wewe unaweza?"

Bibi akawaza: serikali nzima ya wakoloni na bunduki zake, na bado haikuweza kupenya kati ya mama na mtoto anyonyaye.

Treni ikapunguza mwendo. Mzee akainuka, akashika mlango, bado akitikisa kichwa kwamba si lugha.

"Hilo neno la mwisho, la 'nipo'," akasema, "hebu niambie tena."

Yule mama akamwambia taratibu, kwa sauti ileile aliyombembelezea mwanawe. Treni ikasimama, mlango ukafunguka, na abiria waliokuwa nyuma ya mzee wakangoja bila kumsukuma.