Bonde Tuliloligombania Juu ya Barafu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Yefim, futa machozi. Kasisi ameshanipaka mafuta, na mimi baba yenu, Terenti Lukich, siogopi. Zamani niliogopa. Tangu tulipomzika mama yenu, kila nilipoinua shoka nilijiuliza: ya nini, ikiwa mwisho wangu ni shimo?

Basi majira ya baridi yakiisha, nilikuwa navuka mto ulioganda kwa miguu, na mbele yangu alikuwa Saveli jirani, ambaye mnajua tulivyochukiana kwa ajili ya lile bonde la nyasi. Ghafla barafu ikapasuka kwa kishindo, kipande tulichosimamia kikakatika, mto ukatubeba sote wawili kama magogo.

“Umefurahi sasa, mwizi wa nyasi?” nikamfokea.

“Mwizi wewe, mzee mbishi! Bonde langu!”

“Lako? Haya, nenda nalo kwa samaki!”

Akanitazama, akayatazama maji, akaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikakaa chini: watu wawili wanakufa, wanagombania majani! Kisha nikateleza, maji yakanifika kifuani. Saveli angeweza kuniacha tu, abaki na bonde lote. Lakini alilala kifudifudi akanivuta, akanivika koti lake la ngozi ya kondoo, akabaki anatetemeka yeye. Hapo, wanangu, hofu ikanitoka. Kifo kilikuwa kimenishika miguu, lakini hakikuweza kumfanya mtu yule aniachilie. Nikajua tunaishi kwa ajili gani.

Watu wa kijiji cha chini wakatutoa kwa kamba, tukarudi nyumbani tumeshikana mabega, tunaimba, mkadhani tumelewa.

Saveli ametangulia. Nyasi za bonde zikateni pamoja na watoto wake, wala asitokee mtu wa kuweka uzio. Yefim, punguza hasira. Glafira, mwanangu, usivae nyeusi muda mrefu. Yule mhunzi anakupenda, naye ni mtu mwema, mkubali. Mnizike kando ya mama yenu, mle chapati za mazishi mshibe.

Nawabariki, mikono yangu… iwekeni wenyewe vichwani mwenu, mimi siwezi kuiinua. Mungu awape mioyo mipana.

Sasa fungueni dirisha. Naona jua. Imbeni… wimbo wa Pasaka, ule wa Kristo kafufuka. Siyo hivyo, Yefim, si wa kunong’ona… kwa nguvu… mpaka ng’ambo wasikie… ehee… hivyo…