Hellena Kazumba na Sarafu Isiyo na Mgongo

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la sarafu la chama chetu cha akiba hapa Sumbawanga, Mama Hellena Kazumba anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2026. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akipokea sarafu bila kuigeuza mara mbili.

Tulimtania sana kwa hilo. Ukimpelekea sarafu iliyopinda, alikwambia kama ilikanyagwa na trekta au ilichezewa na fundi. Zilizotoka kiwandani na kasoro alizitambua kwa kioo chake cha kukuzia, na watu walimfuata hata kutoka Namanyere.

Ile ya mwaka 2011 hatutaisahau. Bwana Alphonce, mkulima, alileta sarafu ya shilingi mia aliyoikuta kwenye ghala la mahindi la shemeji yake, Coleta, wiki mbili baada ya kumzika kaka yake, mume wa Coleta. Upande mmoja ulikuwa na uso wa kawaida. Upande wa pili, palipopaswa kuwa na swala, palikuwa na uso uleule, umezama ndani na kutazama kinyume. Ukisogea kushoto, nao ulionekana kugeuka kukufuata. Niliuona mwenyewe mchana kweupe. Na hata ukiilaza kifudifudi, uso mwingine unakutazama.

Ukoo ulikuwa umeshaamua: Coleta ameitengeneza kwa uchawi, amemmaliza mumewe, aondoke kesho yake na watoto wabaki.

Mama Hellena aliikagua saa nzima. Mtu akibana sarafu mbili kwenye jiriwa, alitueleza, uso huzama kweli, lakini upande wa nyuma husagika. Hapa pande zote mbili zilikuwa safi, hadi nywele zilihesabika. Sarafu moja ilinasa kwenye mashine, iliyofuata ikagongwa juu yake, na uso wa ile ya kwanza ukajichapa kinyume mgongoni mwa hii.

"Baba, hii imetoka kiwandani hivi hivi," alimwambia Alphonce. "Mkono wa shemeji yako haumo."

Kisha alifunga dirisha, akapanda bodaboda, akayarudia maneno hayo mbele ya ukoo mzima. Coleta hakuondoka.

Sarafu yenyewe hakuna aliyetaka kurudi nayo. Imekaa kwenye droo ya Mama Hellena miaka kumi na mitano. Mimi ninayerithi droo hiyo nasema bila aibu kwamba naogopa. Juzi naye alikiri kwangu kuwa muda wote huo ameifunika kwa kitambaa, maana kujua ilivyotokea hakukumwondolea woga.

Bi Coleta yupo nasi ukumbini leo pamoja na wanawe wanne. Ameomba akabidhiwe sarafu hiyo aende nayo nyumbani. Anasema yeye haiogopi. Waliomtisha walikuwa watu.

Asante sana, Mama Hellena. Nenda kapumzike na alizeti zako kule Kasense, ukiwa na afya njema na usingizi mtamu.