Mstari wa Chini wa Ubao

Ndugu, jirani na marafiki mliokuja kumsindikiza mama yetu, kabla familia haijaeleza alizaliwa lini na alisoma wapi, inaona ni haki ianze na jambo ambalo yenyewe imeshindwa kulijua, kwa sababu wengi wenu mmeliuliza tangu Jumatano na hatukuwa na jibu. Kwenye ubao ulio ukutani nje ya ofisi ya kata, ambao marehemu aliuandika kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mitatu, habari zilibadilika kila wiki isipokuwa mstari mmoja, ule wa chini kabisa, uliosomeka: "Mita mia nane wasichana, fainali: matokeo yanasubiriwa." Mbio hizo zilikimbiwa tarehe 24 Septemba 1988, mvua kubwa ikashuka katikati ya mzunguko wa pili, waamuzi wakakimbilia kibandani, na mtu pekee aliyebaki kwenye mstari wa kumalizia alikuwa marehemu, mwavuli umepinduka, daftari kalikumbatia kifuani. Aliona ni nani aliyefika wa kwanza. Kwa nini hakusema, hatujui, na amekwenda nalo.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 3 Juni 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Baba yake alikuwa akirudi nyumbani na karatasi zilizoharibika mashineni, matangazo ya minada, tiketi za mpira, orodha za wapiga kura, na kwa karatasi hizo binti yake alijifunza kusoma kabla hajapelekwa shule, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini maisha yake yote aliamini kuwa habari ni habari hata kama wino umevuja.

Alisoma shule ya msingi ya wasichana iliyokuwa karibu na mnara wa maji, kuanzia Januari 1955 hadi Novemba 1961, kisha sekondari hadi mwaka 1965, na baada ya hapo chuo cha uhazili kwa miaka miwili, alikotoka na cheti cha daraja la kwanza katika kupiga taipu na hati mkato. Katika michezo hakuwa na makuu, alikimbia shindano moja tu, akawa wa mwisho, na alipenda kutueleza kwamba wa mwisho ndiye peke yake anayeziona mbio zote.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa na baraza la manispaa kama mpiga taipu, na tarehe 1 Julai 1974 akapandishwa cheo kuwa karani wa vikao, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2002. Kwa miaka hiyo ishirini na minane aliandika mihtasari ya kamati ya maji, ya ujenzi, ya elimu na michezo, akawasikia madiwani wakiahidi, wakisahau, wakigombana na kupatana, wala hakuna aliyewahi kumsikia akimsema mmoja wao vibaya, maana aliona kuwa mtu hapimwi kwa kikao kimoja. Kitu alichokipenda kuliko vyote katika kazi ile ni pale diwani aliyekwisha kusema neno zito aliposimama tena mbele ya wenzake akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nafuta kauli." Siku kama hiyo alirudi nyumbani akiwa na furaha, akivua viatu mlangoni na kusema, "Leo wamefuta kauli wawili, wazee wazima," kama mtu anayetangaza kuwa mapacha wamezaliwa.

Ni kazini huko alikokutana na mumewe, baba yetu, aliyekuwa fundi bomba wa manispaa. Mwezi Machi 1969 bomba lilipasuka juu ya chumba cha kumbukumbu, fundi akaja mbio na spana zake, akamkuta dada mmoja amesimama mlangoni amemzuia asiingie mpaka faili zote zitolewe, fundi akamwambia, "Dada, maji hayangoji faili," naye akamjibu, "Na faili hazijui kuogelea, kaka, hebu shika upande huo." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Aprili 1970, na walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1971, mtoto wa kiume wa mwaka 1974, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na binti wa mwisho wa mwaka 1979, pamoja na wajukuu watano.

Huyo binti wa kwanza, dada yetu, ndiye aliyekuwa na miguu ya mbio. Alikuwa njia ya pili siku ile ya mvua, miongoni mwa wasichana wanane wa shule nne, na kwa kuwa hakukuwa na mwamuzi aliyeona, kila shule ilidai ushindi, ofisa michezo akaandika kuwa matokeo yanasubiriwa, na shauri likapelekwa kwenye kamati ya elimu na michezo ya baraza. Kamati iliahirisha, ikaahirisha tena, ikaahirisha mara tano, na kila mara aliyeandika neno "imeahirishwa" alikuwa mama wa mmoja wa wakimbiaji, kwa mkono wake mwenyewe, bila kutia nukta ya ziada. Fundi viatu, ambaye meza yake iko pale nje ya ofisi ya kata hadi leo, alimuuliza waziwazi, "Dada, wewe ulikuwa mstarini, tuambie basi, nani alitangulia?" Marehemu akamjibu, "Mimi si mwamuzi, mimi ni mzazi." Daftari lake la siku ile tunalo, lina majina ya wasichana wanane kwa mpangilio wa njia zao, na chini ya majina kuna alama za matone tu.

Familia inaomba iseme na linalofuata, kwa sababu baba mwenyewe ametaka lisemwe. Mwishoni mwa mwaka 1989 dada yetu aliitwa na klabu moja ya riadha ya mji wa mbali, wakati baba alikwisha kumpatia nafasi ya chuo cha uuguzi, wakabishana siku tatu, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 8 Januari 1990, dada akiwa ameshika begi, baba akamwambia, "Ukitoka mlango huo kwa ajili ya mbio, usirudi mpaka ushinde." Dada alitoka. Alikuwa mtoto wa baba yake, kila neno alilipokea kama lilivyosemwa. Mama alikuwa jikoni, alisikia, akatoka na kitambaa mkononi, akamsindikiza hadi kona, na aliporudi hakumlaumu mumewe siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Baba alipojitetea baadaye kuwa maji yakimwagika hayazoleki, mama alimwambia, "Wewe ni fundi bomba, mume wangu, ungekuwa wa mwisho kuniambia hivyo."

Ubao ulianza Jumamosi tarehe 2 Machi 1991. Shule ya jirani ilikuwa imetupa mbao zake za zamani, marehemu akaomba mmoja, baba akaufunga ukutani kwa vibano vya mabomba, ndiyo maana haujawahi kutikisika. Juu aliandika habari za baraza, katikati michezo ya shule, na pembeni mambo ya mtaa, nani amepotelewa na funguo, maji yatakatika lini. Wengi wenu mnazikumbuka habari zile, kwamba taa za barabara ya stendi zimeahidiwa kwa mara ya saba, kwamba netiboli imekwisha ishirini na moja kwa ishirini baada ya mpira kukaa mtaroni dakika nne, na kwamba diwani wetu amenyamaza kikao cha tatu mfululizo, ila afya yake ni njema. Diwani huyo, ambaye tuko naye hapa, alimfuata siku hiyo akiwa amevimba kwa hasira, akamwambia, "Mama, umeniandika nimenyamaza," naye akamjibu kwa heshima zote, "Mheshimiwa, sema chochote, chaki ninayo." Zile taa ziliwekwa mwaka uliofuata.

Kila Jumamosi baba alimbebea kigoda, akaloweka kitambaa na kuufuta ubao kuanzia juu, na alipoufikia mstari wa chini akampa kitambaa mkewe, kisha akageuka kutazama barabara. Mstari ule marehemu aliufuta na kuuandika upya mwenyewe, na chini yake daima aliacha nafasi ya viganja viwili, ambamo hakuwahi kuandika kitu hata zilipokuwa habari nyingi za kubanana.

Barua za dada zilikuja, fupi, kutoka miji tofauti, na ya mwisho ilifika Juni 1997, ikisema, "Mama, sijashinda bado, lakini naendelea, nisalimie baba." Marehemu aliijibu wiki hiyo hiyo, jibu likarudi baada ya miezi miwili likiwa na muhuri kuwa mpokeaji amehama. Wapo waliosema mstari ule wa ubaoni ulikuwa wa mbio, na wapo waliosema ulikuwa wa mtoto, kwamba maadamu matokeo hayajatoka hakuna anayeweza kuapa kuwa dada hakushinda, kwa hiyo njia ya kurudi haijafungwa. Alipoulizwa, marehemu alisema, "Yakija mtayasoma." Tunachoweza kushuhudia ni hiki tu, kwamba miaka ya karibuni vijana walipoanza kuupiga picha ubao na kuzisambaza kwa simu, alimuuliza mjukuu wake mkubwa, "Hizo picha zinafika wapi?" Mjukuu akasema, "Popote, bibi." Jumamosi iliyofuata mstari wa chini uliandikwa kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha habari za baraza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Agosti 2023, na kuanzia Januari 2024 akawa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa katika hospitali ya manispaa, wodi ya ghorofa ya pili, akienda na chaki mkobani na kuwauliza wauguzi watoto wao wanasoma wapi na juzi wamefungwa ngapi. Mara ya mwisho aliandika ubao Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, akiwa amekaa, baba amemshika kiwiko. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuugusa, fundi viatu aliufunika kwa nailoni. Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na robo alasiri, alimuuliza baba kama kuna mtu amegonga mlango, baba akaenda kutazama, akarudi kumwambia hakuna, akamkuta ameshatutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na saba na miezi minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao walivumilia kuandikwa ubaoni kila lifti ilipoharibika, inawashukuru makarani wa baraza, wa sasa na wastaafu, walimu wa michezo wa shule zote nne, jirani waliotupikia tangu msiba ulipotokea, na fundi viatu kwa nailoni yake. Wanawake wanne waliokimbia siku ile ya mvua wako hapa, mmoja ni dereva wa basi la shule, mmoja ana mjukuu, na tumewauliza pia. Wanne hao wametupa majibu manne.

Mwisho, familia inawaarifu lililoamuliwa. Alhamisi alasiri tulikaa sebuleni, binti wa mwisho akaomba mstari ufutwe, akisema mama amepumzika, nao upumzike, mwingine akasema uachwe, na tukavutana mpaka chai ikapoa. Kisha baba akasema, "Aliyeshinda simjui, na aliyemjua hakusema. Lakini ile kauli ni yangu. Karani wangu hayupo, basi andikeni ninyi: naifuta." Ikaamuliwa kuwa mstari wa marehemu hautaguswa, ubaki kwa mkono wake, na hakuna atakayeandika matokeo ambayo hakuyaona, ila ile nafasi ya viganja viwili itumike sasa, na atakayeitumia ni baba mwenyewe.

Leo Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, baba amekibeba kigoda kama kawaida yake, safari hii akakikalia yeye, na kwa mwandiko ule ule aliozoea kuandikia hesabu za mita za maji, akaandika, "Niliyesema usirudi mpaka ushinde, nimefuta kauli. Njoo tu. Baba." Imemchukua muda, chaki imevunjika mara mbili. Mjukuu mkubwa ameipiga picha na kuituma popote.

Mama, muhtasari umesahihishwa. Pumzika sasa kwa amani, zamu ya kusubiri ni yetu.